Herufi Kumi

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, mfamasia alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha waifai kilicho juu ya kabati la vyombo, akihesabu taa zake. Zilikuwa nne, zote za kijani. Kisanduku kilikuwa kizima. Televisheni ilikuwa imeunganishwa, simu yake na ya mumewe zimeunganishwa, tableti ya Bibi imeunganishwa. Kilichobaki nje ni kompyuta mpya ya binti yake, iliyonunuliwa jana yake baada ya ile ya zamani kuzimika moja kwa moja. Binti alikuwa na usaili wa chuo saa nane mchana, kwa video, kwenye kompyuta, katika chumba kimya chenye mlango uliofungwa. Ndivyo barua ya chuo ilivyosema. Kompyuta iliuliza neno la siri, na hapakuwa na aliyelikumbuka.

"Si uliliweka wewe?" mfamasia alimuuliza mumewe.

"Mimi nilimleta fundi tu." Mumewe alikuwa na duka la vigae, na wakati huo alikuwa anafunga kamba za viatu. "Hivyo vitu alikuwa anashughulika navyo Dada."

Ilikuwa kweli. Dada alifanya kazi katika nyumba ile miaka tisa. Mtu akinunua simu mpya aliiacha mezani, akasema "Dada, niunganishie," kisha akaenda kuoga. Akitoka anakuta simu imeshaunganishwa na kioo chake kimeshafutwa. Miezi miwili iliyopita Dada aliomba ruhusa akamzike mama yake. Alipewa siku tatu. Alirudi siku ya tano, akakuta begi lake mlangoni. Mfamasia alikuwa amelipanga mwenyewe, nguo amezikunja moja moja, viatu amevitia kwenye mfuko wake peke yake. Dada alieleza kwamba barabara ilikatika kwa mvua. Mfamasia alimjibu kwamba walishakubaliana siku tatu.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nene, na anayetaka kuongea na simu akasikika ilibidi atoke nje akasimame karibu na tangi la maji. Mfamasia alitoka. Akatafuta mahali palipoandikwa *Dada Nyumbani*, akapiga.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema.

"Marahaba, Dada. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi analala vizuri? Usimpe mto mmoja, mama, atabanwa na kifua. Iwe miwili."

"Sawa. Sikiliza, Dada. Lile neno la siri la waifai ni lipi?"

"Ni jina langu, mama. Herufi ya kwanza kubwa, zinazobaki ndogo. Hakuna namba."

Mfamasia alitazama bomba la tangi. Lilikuwa linavuja tone moja moja.

"Unanisikia, mama? Huku kazini simu zinakusanywa asubuhi, tunarudishiwa saa moja jioni. Kikapu ndicho hiki kinapita."

"Nakusikia. Asante, Dada."

"Haya, mama."

Aliporudi ndani, mumewe alikuwa ameshavaa viatu vyote viwili. "Kasemaje?"

"Kasema ni jina lake."

"Basi si ndiyo vizuri? Liandike."

"Liandike wewe."

Mumewe alisogea mbele ya kompyuta, akanyoosha vidole, akavikunja. Akamtazama binti. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na nusu ya umri huo Dada ndiye aliyemsuka nywele.

"Mimi nilikuwa namwita Dada," binti alisema.

"Wote tulikuwa tunamwita Dada."

Wakaandika hilo, kwa herufi kubwa, kisha kwa ndogo, kisha kwa mchanganyiko. Kompyuta ikakataa mara tatu, ikawaambia wasubiri dakika tano. Mume akatoka nje, akaipigia namba ile ile mwenyewe, maana yeye hakuona aibu kumuuliza mtu jina lake baada ya miaka tisa. Iliita hadi ikakatika. Kikapu kilikuwa kimeshapita.

Katika faili la karatasi za nyumba kulikuwa na nakala ya kitambulisho cha Dada. Waliitoa. Mashine iliyoitoa nakala hiyo ilikuwa imezidisha wino. Uso ulikuwa mweusi, jina jeusi, na kilichosomeka ni tarehe ya kitambulisho kuisha muda. Mume akachukua pini, akabonyeza kitundu cha nyuma ya kisanduku akahesabu hadi kumi. Taa zikazimika, zikawaka. Binti akaeleza kwamba sasa kitakuwa kimerudi kwenye neno lake la kiwandani, lile lililochapishwa kwenye karatasi chini yake. Wakakigeuza. Kila Jumamosi kwa miaka tisa kisanduku kile kilikuwa kikifutwa kwa kitambaa chenye maji, na karatasi ilikuwa nyeupe kabisa. Hata hivyo halikuwa tatizo, kwa sababu televisheni na simu ziliunganika tena zenyewe muda huo huo. Kisanduku kilikuwa kimekataa kusahau.

"Tuangalie kwenye televisheni," binti alisema. "Kila kifaa kinalo, kimelificha tu."

Alifungua mipangilio, akashuka hadi kwenye jina la mtandao wao. Neno la siri lilikuwepo, nukta kumi nyeusi kwenye mstari, na pembeni yake alama ya jicho. Akabonyeza jicho. Nukta zikadondoka.

Zilianguka kutoka kwenye kioo juu ya meza ya televisheni, nyingine zikabingirika hadi sakafuni. Zilikuwa na ukubwa wa punje ya pilipili manga na vuguvugu kidogo. Mfamasia aliinama akaziokota. Alizihesabu kwenye kisahani kwa ncha ya kisu, mbili mbili, kama anavyohesabu vidonge kazini, na zikatimia kumi. Kwenye kioo, pale nukta zilipokuwa, zilionekana herufi tatu za mwanzo. Nafasi zilizofuata zilikuwa tupu. Herufi zenyewe hazitatajwa hapa kwa kuwa bado zinatumika.

"Tatu," mume alisema, akaziandika nyuma ya risiti.

Simu yake ilifuata. Akabonyeza jicho, nukta kumi zikamdondokea kiganjani, na chini yake zikabaki herufi mbili za mwisho. Dada aliiunganisha simu ile siku aliyoinunua. Siku hiyo mume alikuwa amemshukuru, tena mara mbili, kwa sababu alikuwa na furaha ya simu.

Mfamasia akatoa yake. Nukta kumi zikaanguka mezani zikalia kidogo. Chini hapakuwa na herufi hata moja. Akafunga, akafungua tena, akabonyeza jicho tena. Nafasi ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa rangi juzi.

"Itakuwa hiyo simu," mumewe alisema kwa heshima.

"Itakuwa," mfamasia alijibu.

Zilibaki herufi tano za katikati, na saa ilikuwa inakaribia sita. Mume akajaribu kuotea. Alitaja majina sita yaliyoanza na herufi zile tatu; manne yalikuwa ya wateja wake wa vigae na mawili yalikuwa ya wanaume. Kila baada ya majaribio matatu kompyuta iliwasubirisha. Binti alienda kuvaa shati la usaili, akarudi, akakaa akiwa ameinyoosha mikono ili lisipate mikunjo.

"Kimebaki cha Bibi," alisema.

Bibi, mama yake mume, alikuwa chumba cha nyuma. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na tableti yake kazi yake ilikuwa kumsomea habari kwa sauti. Mfamasia aliingia bila kubisha. Bibi aligeuza kichwa kuelekea mlangoni akaita jina.

Halikuwa jambo geni. Tangu miezi miwili iliyopita Bibi alikuwa akiliita jina hilo kila asubuhi na kila aliposikia nyayo. Walikuwa wamekubaliana kwamba anamwita ndugu yake aliyefariki wakiwa watoto. Mfamasia alikuwa amemletea dawa ya wazee wanaopotewa na kumbukumbu, nusu kidonge asubuhi baada ya chakula, na alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba haijaleta nafuu.

Sasa alisimama pale mlangoni akalihesabu lile jina kwa vidole. Lilikuwa na herufi kumi. Tatu za mwanzo zilikuwa ndizo. Mbili za mwisho zilikuwa ndizo.

"Mama," alisema, "huyo unayemwita ni nani?"

"Huyo msichana wetu. Bado hajarudi kutoka msibani?"

"Bado."

"Njia mbaya," Bibi alisema. "Mvua hizi."

Mfamasia akaketi ukingoni mwa kitanda. "Jina lake ulilijua lini?"

Bibi akafikiri, kwa kuwa aliulizwa vizuri. "Siku aliyokuja," alisema. "Nilimuuliza."

Mfamasia aliichukua tableti kwa ajili ya kuhakikisha. Akabonyeza jicho, nukta zikamwagika juu ya shuka, na jina likaonekana lote, herufi zote kumi, ya kwanza kubwa. Bibi akapapasa shuka, akaokota nukta moja, akaizungusha kati ya vidole. "Hizi zinatungika," alisema. "Niletee uzi na sindano."

Usaili ulianza saa nane kamili. Binti alifunga mlango, na kwa dakika arobaini mtandao haukukatika hata kidogo. Wasaili watatu walimwomba azungumzie mtu aliyechangia kumlea nje ya wazazi wake. Binti alimzungumzia Dada. Alieleza jinsi alivyomfundisha kusoma saa kwa vijiko viwili na sahani, na jinsi walivyokuwa wakirudia majina ya mifupa ya mwili jioni, mmoja akipika na mwingine akiwa na kitabu. Alimtaja kwa jina lake, mara nne, bila kusita. Msaili mmoja aliandika kitu. Wiki mbili baadaye nafasi ya chuo ilitoka.

Saa moja jioni siku ile ile simu ya mfamasia ililia, akatoka nayo hadi kwenye tangi.

"Nimeona baba alinipigia," Dada alisema. "Mmefanikiwa?"

"Tumefanikiwa. Mtoto amefanya usaili wake."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi huko kazini."

Mfamasia alikuwa amelipanga analotaka kusema tangu mchana, akiwa anaosha vyombo. Angemtaja kwa jina, halafu angempa pole ya mama yake, ambayo hakuwa amempa, halafu angesema kuhusu zile siku mbili. Alifungua kinywa kulitamka lile jina. Badala ya sauti ikatoka nukta. Ilimgonga jino, ikaangukia kiganjani. Akajaribu tena, ikatoka ya pili. Alizitema zote moja moja, taratibu, hadi zikatimia kumi. Zilikuwa vuguvugu na hazikuwa na ladha.

"Mama?"

"Nipo, Dada. Usiku mwema."

"Na kwako. Mito miwili, mama."

Alizipeleka nukta chumba cha nyuma, akaziweka kwenye bakuli la Bibi pamoja na zile nyingine. Kufikia mwisho wa wiki Bibi alikuwa na mkufu wa mizunguko miwili. Vifaa viliendelea kudondosha nukta kila mtu alipobonyeza jicho, na wageni wakaonywa wawe wanaweka mkono chini. Mume alijaribu kulibadilisha neno la siri, maana jirani alikuwa ameshalijua, lakini kisanduku kilikataa, akaliacha. Nusu kidonge cha asubuhi kiliendelea, kwa kuwa kopo lilikuwa bado lina dawa, na Bibi kwa kweli alikuwa bado anaita.

Mwezi uliofuata alipatikana mtu mwingine wa kazi, mwanamke mrefu mwenye begi la kijani. Alionyeshwa jiko, kamba za kuanikia, na chumba cha Bibi. Akauliza kama kuna waifai, ili awe anaongea na watoto wake jioni. Mfamasia akachukua kalamu akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kulitamka bado kulikuwa kunamshinda.

Mwanamke alilisoma kwa sauti, vizuri kabisa. Kutoka chumba cha nyuma Bibi akaitikia kwa kuliita naye.

"Mbona kama jina la mtu?" mwanamke aliuliza.

"Ni neno la siri," mfamasia alisema.

Mwanamke akaliandika kwenye simu yake, na simu ikakubali papo hapo. Akaiweka mfukoni. "Asante, mama. Mimi naitwa—"

"Hapa tumezoea kusema Dada," mfamasia alisema kwa upole, akamwonyesha ndoo zinapokaa.