Lubugo ya Revocatus

Nani alimtuma Mwalimu Klaudia kugusa lubugo ya mama mkwe wake? Hakuna. Kiherehere chake tu. Alitaka wanafunzi wake wa Kagoma waende kwenye maonyesho ya sayansi Bukoba na mfano wa mnyama ambaye shule nyingine haina: mamalia mdogo wa enzi za dinosaria, mwenye ngozi iliyotanda toka mikononi hadi miguuni, aliyejirusha kutoka mti hadi mti. Kwa ngozi hiyo alijaribu kitenge, kikalegea; nailoni ikakakamaa. Lubugo, lile gome la mti lililopondwa likawa nguo, ndiyo iliyotanda sawasawa.

Lakini hiyo ilikuwa nguo ya maziko. Mama mkwe huyo, Mama Kokugonza, alimwekea mwanawe Revocatus, shemeji yake Klaudia, ambaye mtumbwi wake ulipinduka karibu na visiwa vya Muleba na mwili haukuonekana. Misa ya marehemu ilikwisha kusomwa, ndugu walikwisha kukata tamaa. Klaudia akajiambia nguo ile haina tena mwenyewe, akakata upande mmoja. Wee! Tangu hapo, kila mara mama mkwe alipoingia chumbani kwake, Klaudia alitoka nje.

Siku ya maonyesho Mama Kokugonza akasema naye anakwenda kumwona huyo mnyama. Utamkatalia vipi mama mkwe? Njia nzima Klaudia aliomba mvua, pancha, chochote.

Ukumbini mama mkwe alimkaribia mnyama, akampapasa. Vidole vikasimama juu ya lubugo. Klaudia alianza kueleza harakaharaka kwamba ukoo wote wa mnyama huyu ulikwisha, kwamba hata kindi warukao wa msitu wa Minziro si wajukuu wake. Kisha akashindwa, akapiga magoti mbele za watu.

"Mama, nimekosa. Ni lubugo ya Revocatus."

Bibi hakumtazama. "Huyu alikufa lini?"

"Zamani sana, mama. Miaka zaidi ya milioni mia moja na hamsini."

"Na walimpata?"

"Walimpata ndani ya jiwe. Hata alama ya ngozi yake ilionekana."

Mama Kokugonza aliinyoosha lubugo kwa kiganja. Halafu akamshika mkwewe bega, akamwinua.

"Iliyobaki itamtosha Revocatus akipatikana," alisema. "Usiikate tena."