Mfuko wa Koti la Mzee Joachim

Farasi jike aliyeitwa Samli alimng'ata mgeni wa pili, na Mzee Joachim, mwenye shamba, akampigia simu mnunuzi wa Uyole. Lori lingekuja Jumatatu. Kabla ya hapo Verediana, daktari wa mifugo kutoka Kihesa, alitakiwa kusema kama tabia ile inatibika. Akisema haitibiki, Samli anaondoka.

Mshtakiwa alikwishapatikana. Makoye, mtunza farasi, alikulia kwenye ng'ombe huko Usangu, na kila jioni alimlambisha Samli chumvi kiganjani. Wenzake walimtania kwamba anachumbia. Mzee Joachim hakutania. Alisema mnyama akizoea kula mkononi hudhani kila mkono ni chakula, hata wa mgeni.

Verediana aliona hoja ina mantiki, lakini mantiki si ushahidi. Akamwambia Makoye afanye kama kawaida, naye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama.

Makoye aliingia zizini amefumba ngumi. Samli akamsukuma kwa pua. Ngumi haikufunguka. Akasukuma tena, akaacha, akainamisha kichwa na kutulia. Hapo ndipo kiganja kilipofunguka.

Alipoulizwa anangoja nini, Makoye alieleza kwamba kwao mtu hafungui mkono mpaka pembe zishuke, la sivyo dume litamtoboa.

"Huyu hana pembe, Makoye."

"Najua, Daktari. Mkono ndio haujui."

Akaongeza kuwa Samli anampenda kwa sababu ya ile chumvi. Hilo Verediana hakulikubali. Chumvi humfundisha farasi mahali chumvi ilipo, basi.

Jumapili, Mzee Joachim alitoka misani Tosamaganga na kwenda moja kwa moja zizini, bado amevaa koti lake la suti. Samli alikuja mbio, akamgonga kifuani, akauma mfuko wa koti. Mzee akacheka, akatoa kipande cha muwa. Samli akauma mfuko kwa nguvu zaidi, akapewa cha pili.

"Unaona anavyonidai?" alisema. "Tangu nimzike mke wangu, anayenikimbilia ni huyu tu."

Verediana alimweleza bila kupamba. Mkono hauna kosa. Makoye humlipa Samli kwa kutulia, mzee humlipa kwa kung'ata, na wageni nao wana mifuko. Muwa ukikoma, farasi atazidi kung'ata kwa siku kadhaa, kisha ataacha. Tabia inatibika, ila dawa ni ya mzee kunywa.

Mzee Joachim alifuta ute wa farasi kwenye koti.

"Nisipompa, atanijia kwa lipi?"

"Hilo sijalipima, Mzee."

Kesho yake lori lilifika mchana. Mzee Joachim alizungumza na dereva getini, kisha akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akaomba chumvi kwa Makoye na kuingia zizini amefumba ngumi. Samli alimgonga kifuani. Mzee akayumba, ngumi haikufunguka. Samli akamgonga tena, akamwacha, akaenda uzioni kulitafuna koti.

Nje, lori lilikuwa linageuza, tupu, kurudi Uyole. Ndani, mzee alisimama palepale, mkono mbele yake, akingoja pembe zishuke.