Chokaa Haiulizi Ngozi ni ya Nani

Kaka yangu aliitwa Koleo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Katika kiwanda cha ngozi tulichofanyia kazi sote wawili, yeye ndiye aliyezamisha mkono mtupu kwenye hodhi la chokaa, akavuta ngozi ya ng'ombe iliyolowa, akaiburuzia dole gumba. Manyoya yakitoka kama ndevu za hindi, alisema tayari. Yakishikilia, ngozi ilirudi majini. Msimamizi hakuwa na kipimo kingine. Alikuja, akasimama mbali asichafue viatu, akauliza, "Koleo, vipi?" Kazi nzima ya siku ile ikangoja dole gumba la kaka.

Kazi ya chokaa ni kula. Hula manyoya, hula ngozi ya juu, ikaacha ile ya ndani iliyo ngumu, ambayo ndiyo inayokuja kuwa kiatu na mkanda. Wala haiulizi ngozi ni ya nani. Sisi tulilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na bado tulitumbukiza mikono.

Mimi sikufika mbali kimasomo. Niliokota kitabu cha biolojia kisicho na jalada, nikakisoma mpaka kikaachia kurasa. Siku moja saa ya chakula nilichukua kipande cha ngozi mbichi, nikakikata kwa kisu, nikawaonyesha wenzangu ubavu wake. Hii ya juu, nyembamba kama karatasi, niliwaambia, ndiyo ukuta. Huzuia uchafu usiingie na maji ya mwili yasitoke, na humo ndimo ilimo rangi inayotukinga na jua. Kila siku inapukutika, na nyingine inaota chini yake. Hii nene ya ndani ndiyo nyumba yenyewe: mizizi ya nywele, mishipa ya damu, vifuko vya jasho linalotupoza, na ncha za neva zinazotuambia hili moto, hili baridi, hapa panauma. Chini kabisa ni mafuta, godoro letu. Wewe na ng'ombe mmepangwa hivyohivyo, nikasema, ila mwenzio ameshakufa, hasikii kitu.

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Tangu siku hiyo wakaniita Daktari wa Wafu. Aliyecheka zaidi ni kaka.

Lakini nilipoanzisha mgomo wa kudai glavu za kukinga mikono na chokaa, walinifuata. Tuliketi getini, mvua ikatunyeshea, hakuna aliyeingia. Meneja akatoka na mwavuli, akatuambia ngozi ya binadamu hujiponya yenyewe. Maneno hayo sijayasahau na sitayasahau. Alikuwa amesoma nusu ya ukurasa. Tulichoomba kilikuwa wazi: glavu laini, nyembamba, zinazofika kwenye kiwiko. Wakatuletea za kubebea matofali, ngumu kama ganda la mti, saizi moja kwa wote. Walitupa haki yetu kwa namna ya kutufanya tuikatae wenyewe.

Na tukaikataa kweli. Kaka alivaa asubuhi moja tu. Akapapasa ngozi hodhini, akapapasa tena, akasema tayari. Kumbe manyoya yalikuwa bado yameshika, na shehena nzima ikarudishwa. Msimamizi akamcheka mbele ya watu. Kaka akazivua glavu, akazitundika kwenye msumari, akasema, "Glavu haina macho." Basi zikabaki pale pale zikipigwa na vumbi. Aliyethubutu kuvaa aliitwa bibi harusi. Nilimfuata kaka, nikamwambia tudai zile nyembamba, tusitupe vita nzima kwa sababu ya silaha mbovu. Akanijibu kwamba mkono wake ulikuwepo kabla ya kitabu changu. Yeye alikuwa mkubwa, na watu walimtazama yeye.

Mikono ikaungua, ikapona, ikaungua tena. Kovu juu ya kovu, sugu juu ya sugu. Alipostaafu, alikuwa akiepua sufuria jikoni bila kitambaa, na watoto wa jirani wakampigia makofi. Hata mimi nilitabasamu. Tulikuwa tunashangilia msiba.

Kisha akapata mjukuu. Mwanawe alikuwa kazini mbali, kwa hiyo mkamwana akaja kujifungua na kupumzika nyumbani kwa baba mkwe. Kaka alikuwa na ombi moja tu: amwogeshe mtoto. Aliniambia wanawe mwenyewe aliwakuta wamelala kila siku, akaondoka wamelala. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuogeshwa naye. Huyu, alisema, hatampita.

Mchana ule nilikuwa nimeketi mlangoni. Beseni lilikuwa juu ya mkeka, taulo begani kwa mkamwana, mtoto uchi mapajani mwake akirusha miguu. Kaka alimimina maji ya moto kutoka kwenye birika, akaongeza ya baridi, akazamisha mkono kama alivyouzamisha hodhini maisha yake yote. Akautuliza humo. Uso wake ulikuwa umetulia vilevile.

"Tayari," akasema. "Vuguvugu. Mlete."

Mkamwana akainama, na kwa mazoea tu ya mama akagusisha kiwiko. Akakivuta kama aliyechomwa. Alikuwa amechomwa.

"Baba, toa mkono."

"Kuna nini?"

"Toa mkono, baba. Tafadhali."

Akautoa. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, unafuka. Akaugeuza huku na huku, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake njiani. Mtoto ndiye aliyekuwa akicheka peke yake.

Mkamwana, Mungu ampe heri, hakupiga kelele. Aliongeza maji baridi, akapima, akaongeza tena. Kaka akasogea mpaka ukutani, akaja kuketi karibu nami. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe aliniuliza jambo la kitabuni.

"Daktari. Ulisema inaota."

"Ya juu, kaka. Ya juu ndiyo huota."

"Na hiyo ya ndani?"

Nilikuwa na majibu ya meneja, ya msimamizi, ya kila mtu aliyenicheka. La kaka nililijua, nikaishia kuutazama mkono wake. Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaelewa.

"Baba," mkamwana akaita, "njoo basi unishikie taulo."

Akaenda. Akaipokea kwa mikono yote miwili, akaifinya, akaitazama. Kisha akaipeleka shavuni, akaibonyeza hapo, kujua kama ni kavu.