Unga Chumbani mwa Bernadeta

Chumba cha marehemu mke wangu nilikifunga kufuli siku ileile tuliyomzika, na ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikamwambia mwanangu Sampa na mkewe Mwenya: mpaka ndugu zake Bernadeta washuke kutoka Kasama kuja kuniosha kifo na kugawa vitu vyake, mlango huu haufunguliwi. Wakakubali. Sisi Wabemba ndivyo tulivyo, nani angebisha? Mwanamume aliyefiwa, kama ukoo wa mkewe haujamwosha, bado ana kifo mwilini, na vitu vya marehemu havishikwi.

Mila hiyo ni ya kweli kabisa. Mwongo nilikuwa mimi.

Bernadeta alikufa mwaka wa pili wa korona, mwezi wa saba, baridi ya Luanshya inakata mifupa. Kabla hajapelekwa hospitali alilala nyumbani siku tatu anatetemeka, akaniambia, "Baba Sampa, naomba uji tu. Mwepesi." Nikaenda jikoni, nikafunua ndoo ya unga, nikaona chini ya ndoo. Siku tisa sikuwa nimetoka. Redioni walisema kaeni ndani, na mimi mtu wa kusikiliza redio nikakaa ndani. Wanaosema kaeni ndani wana maghala kwao. Nikatoka mbio, nikakuta foleni ya watu wamesimama mbalimbali kama nguzo za umeme, na nilipofika mbele muuzaji akakung'uta mikono. Nikarudi na mkate. Bernadeta aliuweka mdomoni, ukakaa pale pale, akautoa.

Hospitali walimchukua akiwa mtu, wakaturudishia kitu kimefungwa nailoni. Watu wa nguo nyeupe walimshusha kaburini kwa dakika kumi, sisi tumesimama mbali watu watano. Hakuna aliyemwosha, hakuna aliyekesha, hakuna aliyekoka moto uani. Kaka yake Malama alisikiliza mazishi kwa simu.

Pensheni ya mgodi ilipotoka nikanunua mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, nikasubiri Mwenya aende sokoni kuuza nyanya zake na Sampa aende kuchomelea vyuma, nikauingiza chumbani kwa Bernadeta. Mwezi uliofuata nikafanya vilevile. Nilijiambia, katika nyumba hii hakuna mtu atakayeomba tena uji akaukosa. Akiba haiozi, tulifundishwa hivyo tangu tukiwa watoto.

Mwanzoni nilikuwa na akili. Mfuko mpya ukiingia, wa zamani natoa, nawaambia nimeupata kwa rafiki wa mgodini. Tatizo lilianza mwaka huu mvua ilipokata mwezi wa pili, mahindi yakakauka yakiwa ya kufika gotini. Dunia nzima imechafuka hewa, wanasema, na waliochafua si sisi. Bwawa la umeme likashuka maji, umeme ukawa unakuja saa tatu kwa siku, saa wanayotaka wao. Unga ukapanda, kisha ukawa hauonekani. Hapo ndipo iliponipasa nifungue mlango. Badala yake nikanunua kufuli la pili.

Siwezi kulieleza vizuri jambo hili. Kila asubuhi nilisema leo nitatoa mmoja. Nikishika ufunguo naona ile ndoo, naona chini yake, mkono unakuwa mzito. Nasema, siku mbaya zaidi inakuja, ngoja.

Sampa, bila umeme, hakuwa na kazi. Alikaa barazani na simu akisoma vita vya nchi ambazo hata majina yake hawezi kuyatamka, anasoma mpaka simu inazima, kisha anaikodolea macho hivyo hivyo. Mtu wa miaka thelathini na tano, ndevu hajanyoa. Mwenya alikuwa anaamka umeme ukija saa yoyote ile apike, na mchana alimfokea kila anayepita. Mjukuu wangu Katongo ana miaka kumi na mmoja. Wakati wa korona alikuwa mdogo, akafundishwa kunawa, akanawa mpaka viganja vikapasuka. Sasa alikuwa na lingine: alihesabu matonge. Akifika sita anasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini wewe?" mama yake anamuuliza. "Mbona hujagusa?"

"Nimeshiba tu, mama. Mpe baba."

Mimi nilimsifu. Nilisema mbele ya wote, "Huyu mtoto ana adabu, haombiombi." Naandika maneno haya na masikio yanaungua.

Mwezi wa tisa Katongo akaanguka shuleni, kwenye paredi ya asubuhi, wimbo wa taifa haujaisha. Mwalimu alimleta mgongoni. Nesi wa zahanati alimfunua jicho, akamtazama Mwenya, akasema, "Mama, huyu haumwi. Huyu ana njaa."

Mwenya alinigeukia nyumbani, amesimama mlangoni pa jikoni na sufuria tupu. "Baba, yule rafiki yako wa mgodini hana hata kikombe?"

"Hana," nikasema. "Waulizeni waliouza mahindi nje ya nchi. Waulizeni wakubwa. Mimi mtaniuliza nini?"

Nilipiga kelele kweli, mpaka kikohozi cha vumbi la mgodi kikanishika. Sampa akaniletea maji. Na wakati nainama kukohoa, ufunguo ukawa unanigonga kifuani, tiki, tiki, chini ya shati. Sikufungua hata siku hiyo. Mtoto amelala mkekani hatua nne kutoka kwenye ule mlango.

Wiki mbili baadaye Malama akapiga simu.

"Shemeji! Tunakuja Jumamosi, mimi na Yunike. Huu mwaka wa tatu umekaa na kifo cha dada yetu kama umekirithi."

"Ngojeni mvua, shemeji," nikasema. "Hali ni mbaya. Tutawalisha nini?"

"Tumekuja kula kwako lini, wewe bahili? Tunakuja kukuosha. Au umeshajipatia mwingine ukajiosha mwenyewe?"

Siku zote tano zilizobaki nilitafuta nafasi ya kuhamisha mifuko. Nafasi haikupatikana. Sampa hakutoka barazani. Ilikuwa mifuko kumi na minne, na mimi kifua changu hakibebi hata ndoo mbili za maji. Nikamwomba Mungu basi liharibike njiani. Unaona nilikofika? Naombea mashemeji zangu ajali.

Walifika Jumamosi asubuhi, wazima. Malama na kofia yake ya kanisani, Yunike mdogo wake Bernadeta, mwenye sauti ileile ya dada yake hata moyo ukaruka nilipomsikia getini. Alikuja na shanga nyeupe zimefungwa kwenye kitambaa.

"Kumbe bado mzima," akasema, ananitazama juu mpaka chini. "Kaka, nilikwambia hana mwanamke. Nani atakubali kulala na kikohozi hiki?"

Watu wakacheka, hata Sampa, sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua ikate. Yunike akakaa mkekani, akafungua kitambaa chake, akasema, "Mwenya, mwanangu, niletee sahani ya unga mweupe."

Hapo nilikuwa nimesahau, na ni jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua. Anayeoshwa kifo hufungwa shanga mkononi na kupakwa unga kichwani na kwenye paji la uso. Bila unga hakuna kuoshwa.

Mwenya alipiga magoti, akaangalia chini. "Mama mdogo, nisamehe. Leo ndani hamna."

"Hamna kabisa? Hata wa kushika kwa vidole?"

"Tangu juzi tunakula viazi vitamu."

Yunike alimvuta Katongo, akamshika mkono hapa juu, vidole vikakutana. Kisha akampa kikombe. "Nenda kwa jirani, mjukuu wangu. Sema ni wa kuosha kifo. Wa kuosha kifo haunyimwi."

Katongo akaenda kwa Mama Chola, ng'ambo ya njia. Mama Chola ana watoto watano na hana mume. Nilimwona mtoto anavuka na kikombe, nikamwacha aende.

"Basi tuanze na vitu," akasema Malama. "Ufunguo, shemeji."

"Nimeupoteza," nikasema.

"Umeupoteza?"

"Zamani. Tutavunja siku nyingine, nitaita fundi..."

Katongo alikuwa amesharudi, amesimama nyuma yangu, kikombe amekifunika kwa kiganja upepo usipeperushe. "Si huo shingoni, babu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alidhani ananisaidia.

Malama akaingiza mkono kwenye ukosi wa shati langu kama mtu anayemvua mtoto, akauvuta. Wa kufuli la pili nao ulikuwa pale pale. Akafungua.

Harufu ilitoka kwanza. Kila siku nilikuwa nawaambia ni panya. Kisha Malama akavuta pazia, na mifuko ikaonekana, imepangwa juu ya kitanda cha Bernadeta na chini yake na ukutani mpaka dirishani. Ile ya chini ilikuwa imefanya ukungu wa kijani. Ile ya katikati panya wameitoboa, na unga uliomwagika ulikuwa unatembea. Fukusi. Walikuwa wengi mpaka sakafu ilionekana kama inapumua.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Mwenya aliweka mkono mdomoni. Sampa alihesabu mifuko kwa kidole, akafika kumi na nne, akaanza tena upya kana kwamba amekosea. Halafu akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akatoka nje, na nikasikia simu yake ikipigwa ukutani.

Malama akachota unga konzi moja, akanisogezea puani. "Akiba haiozi, eh shemeji? Nusa."

"Ni kwa sababu ya uji," nikasema. "Aliomba uji. Mnajua nyinyi? Walitufungia ndani, maduka yakawa matupu, wakubwa wenyewe..."

"Wakubwa wapi?" Yunike akauliza, taratibu. "Waite waje. Mimi katika chumba hiki namwona mkubwa mmoja."

Alifungua sanduku la dada yake. Vitenge vyote, hata kile cha harusi chenye maua mekundu, alivikung'uta kimoja kimoja, na kila kimoja kilimwaga vidudu. Ndugu wa marehemu hugombea vitu hivyo, ndiyo heshima yake. Siku ile walivishika kwa ncha za vidole. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mke wangu hakupata mwosha, na aibu niliyomvika mimi waliiona wote. Katongo peke yake alichukua kilemba kimoja, akakinusa, akajifunga.

Nilidhani hawataniosha tena. Yunike akaniambia kaa. Nikakaa mkekani. Alinifunga shanga, akachovya vidole kwenye kikombe cha Mama Chola, akanipaka paji la uso na utosini. Alipaka kidogo sana, kilichobaki akakirudisha kikombeni bila kumwaga hata chembe.

"Kifo kimetoka," akasema. "Hayo mengine mimi sina dawa yake."

Mifuko mitatu ya juu ilikuwa mizima bado. Mmoja Mwenya alimpelekea Mama Chola saa ileile, ameubeba kichwani mwenyewe, hakutaka niuguse. Kumi na mmoja ilichukuliwa na mfuga nguruwe, akaja na toroli mara sita mchana kweupe, mtaa mzima umesimama. Watoto waliimba. Sitaandika walichoimba.

Jioni tulikula nshima, ugali wetu, na dagaa, sahani zimejaa. Katongo alihesabu matonge sita akasukuma sahani.

"Kula, mwanangu," Mwenya akamwambia. "Upo. Umeona mwenyewe upo."

"Nimeshiba."

Jumatatu wakati yuko shuleni niliinua godoro lake nilianike juani, kazi ambayo sikuwahi kuifanya katika maisha yangu. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha sare kuukuu kimefungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na matonge, makavu kama mawe ya mgodini, mengine yana alama za vidole vyake. Nilikaa kitandani na kitambaa mapajani mpaka aliporudi.

Alisimama mlangoni na begi lake. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu wa kazi moja anavyomtazama mwenzake.

"Ni ya siku mbaya, babu," akasema.

Nilitaka kumwambia siku mbaya ndiyo hii, ilishafika zamani, tulikuwa tunakula nayo meza moja. Nilitaka kumwambia akiba hiyo inaoza. Lakini nani angesikia maneno hayo kutoka mdomoni mwangu? Nikanyoosha kitambaa, nikasema, "Chukua mwenyewe. Ukipenda tuyaloweke, tule wote. Usipopenda, yarudishe."

Alifikiri. Akayahesabu kwa macho, nikajua kwamba idadi yake anaijua. Akatoa tonge moja, dogo, akanipa mimi. Mengine akafunga mafundo mawili, akayarudisha chini ya godoro.

Nikalila lilivyo, kavu.