Koti la Mcheza Fahali

Koti lilikuwa jekundu, limetariziwa nyuzi za dhahabu ambazo hazikuwa dhahabu, na lilimbana Eladio kwapani kana kwamba lilishonewa mtoto wa shule. Koti hilo ndilo lililomfanya awe mcheza fahali. Vitu vingine vyote vya kazi hiyo, kwa mfano fahali, havikuwapo. Kijiji cha Almazarín kimeng'ang'ania mteremko mkali mno, na fahali yeyote atakayethubutu kukasirika pale atabingirika hadi bondeni kabla hajamwona adui yake.

"Nyoosha mgongo," Nuria alimwambia. "Tazama mbali. Fikiria kifo."

"Kifo cha nani?"

"Cha yeyote tu, Eladio. Wageni hao wanashuka."

Nuria alitoka Madrid, na alikuwa kiongozi wa msafara wa wiki moja ulioitwa Hispania ya Kweli, kwa vijana wa miaka ishirini hadi thelathini. Kampuni yake ilikuwa imegundua kwamba vijana wa Uholanzi na Denmark wamechoka kulala ufukweni. Sasa wanataka roho. Basi Nuria aliwapa roho: Jumatatu roho ya gitaa, Jumanne roho ya paja la nguruwe, Jumatano mapumziko, maana roho ikizidi huleta kiungulia, na Alhamisi Almazarín, katika baa ya Angustias, shangazi yake Eladio.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, paella, ule wali wa pwani wenye vyakula vya baharini. Angustias hakuwahi kupika paella maishani mwake. Huku juu watu hula migas, unga wa ngano uliokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili hoho, na mtu akipewa wali majirani humuuliza anaharisha tangu lini. Paella ililetwa na lori, imeganda kama jiwe. Sharti la pili lilikuwa mcheza fahali.

"Mimi?" Eladio aling'aka siku ile alipoambiwa. "Mimi ni mshairi, shangazi!"

"Najua, mwanangu. Lakini hawakuagiza mshairi."

Kweli alikuwa mshairi, au tuseme yeye mwenyewe hakuwa na shaka hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza akiwa mdogo kwa kusikiliza nyuma ya mlango wa baa hiyohiyo, wanaume wakijibizana kwa mashairi ya papo kwa papo: mistari mitano, fidla ikizungusha wimbo wake katikati ya beti, na fidla ikirudi kabla mstari wa tano haujafika, ubeti umeanguka na mwenye ubeti ameanguka nao. Eladio alijiona bora kuliko washairi wote kutoka vilele vya theluji hadi baharini, na kwa sehemu kubwa ya siku, akiwa peke yake kwenye milozi yake, hakuna aliyempinga.

Tatizo lilikuwa mjomba Cecilio, kama kijiji kizima kilivyomwita. Katika milima hii hakuna cheti cha ushairi. Mshairi ni yule aliyejibiwa na mshairi, basi. Na mshairi aliyebaki alikuwa Cecilio, mzee mwenye meno mapya na ulimi wa zamani, ambaye aliwazika wapinzani wake wote na bado aliwasema vibaya. Eladio alikuwa amemwimbia kwenye harusi, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na mara moja, Mungu amsamehe, kwenye mazishi. Kila mara alipomaliza, Cecilio aligeuka akauliza kama viazi vimeiva.

Ndiyo maana alilivaa koti. Kila Alhamisi Cecilio hunywa divai yake kwa Angustias, na Alhamisi hii Fermín mpiga fidla na ndugu yake mwenye gitaa wangekuwapo kwa ajili ya wageni. Eladio alipiga hesabu: kwanza atatembeatembea na upanga wa plastiki, wapige picha waridhike. Kisha ataimba. Na safari hii lazima mzee amjibu.

Wageni waliingia uani mwa baa, penye kaunta na meza, wamewiva kwa jua kama kamba waliochemshwa. Mbele alikuja Joost, Mholanzi mrefu aliyeitazama Hispania yote kupitia simu yake. Nyuma yake alikuja Signe, msichana wa Denmark, ambaye alikuwa amefanya kosa la kujifunza Kihispania kabla ya kusafiri.

"Halisi kabisa!" Joost alisema, akielekeza simu kwenye sahani ya wali.

Kwenye kona yake Cecilio aliuangalia ule wali, akashusha sauti. "Angustias. Nani anaumwa?"

"Nyamaza, mjomba. Ni utamaduni."

"Wa nani?"

"Wetu, wanasema. Kunywa."

Ndipo Eladio akatokea mlangoni, mgongo umenyooka, macho mbali, anafikiria kifo cha Cecilio. Wageni walipiga kelele ya furaha. Wanakijiji waliokuwa kaunta, ambao walimjua tangu akinyonya, waliinamia bilauri zao, mabega yakiwatikisika. Cecilio hakuinama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kola, taratibu, kama mtu anayenunua nyumbu. Kisha akaweka bilauri mezani na kumwonyesha Fermín kidole kimoja. Fidla ikaanza.

Baa yote ikageuka. Mzee alikuwa hajaimba tangu majira ya baridi.

*Koti lake linawaka,*
*dhahabu hadi kolani;*
*upanga ameushika,*
*fahali yuko njiani:*
*yeye kwao keshafika.*

Kaunta ililipuka. Mtu mmoja alipaliwa na zeituni, ikabidi apigwe mgongoni. Wageni nao walicheka, kwa adabu, wakamgeukia Nuria.

"Anasema nini?" Joost aliuliza.

"Anamwimbia mwanamke aliyemwacha," Nuria alisema.

"Mbona nimesikia fahali?" Signe aliuliza.

"Aliondoka na mwenye fahali."

Eladio hakusikia lolote kati ya hayo. Masikio yalikuwa yanamuunguza. Lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha kubwa ya kipumbavu: ameniimbia! Akaisogelea meza ya mzee.

"Umeniimbia, mjomba. Mashahidi hawa hapa."

"Nani?" Cecilio alisema. "Nimeliimbia koti. Ndani yake sijaona mtu."

Basi Eladio akaimba. Aliimba kabla Fermín hajamaliza mzunguko, kwa kishindo, kidole kikielekea kinywani mwa mzee:

*Meno yake ya dukani*
*yameanza kulegea;*
*yataanguka mezani*
*wakati anaongea...*

Hapo mstari wa tano ukagoma. Alikuwa nao. Alikuwa nao asubuhi, maana, tuseme ukweli, ubeti huo wa papo kwa papo alikuwa ameutunga tangu mwezi wa nne. Sasa alipounyooshea mkono hakuukuta. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliinua mkono juu kuuita, na koti likapasuka kwapani kwa sauti ambayo wote waliisikia. Gitaa lilimsubiri. Fidla ilizunguka pole, kwa huruma, lakini fidla haina jinsi, ikarudi. Ubeti ukaanguka.

Watu wa kaunta waliangalia sakafu, kama watu wenye heshima zao waangaliavyo mtu akijikwaa.

Wageni, kwa upande wao, walisimama.

"*Olé!*" Joost alipaza sauti. "*Olé! Olé!*" Na wote wakapiga makofi, na mmoja alikuwa na machozi. Ule ukimya! Ule mkono hewani! Wiki nzima walikuwa wametafuta roho, na hatimaye wameiona, imechanika kwapani.

Nuria alimkimbilia Eladio, akamshika bega. "Umewamaliza! Ile ya kunyamaza, umeitoa wapi wewe? Tutaiweka kila Alhamisi. Ileile, usibadilishe hata kidogo. Na uchane koti, nitamwambia mwenye duka la kukodi nguo."

"Nimeanguka, Nuria."

"Ndiyo! Anguka hivyohivyo."

"Lakini alitaja meno," Signe alisema.

"Kwetu meno ni ishara ya mapenzi," Nuria alimjibu bila kugeuka.

Cecilio alikuwa amesimama, kofia mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonja divai ya jirani na sasa anatafuta neno la kiungwana.

"Hongera, kijana," alisema. "Umepigiwa makofi."

"Mjomba, ngoja."

"Kwa nini ningoje? Umeshinda. Mimi tangu nizaliwe sijasimamiwa na Wadenmark." Akavaa kofia. "Endelea na kazi yako, ni kazi nzuri. Ina koti."

Akaanza kwenda mlangoni. Jua la jioni lilikuwa bado linawaka uani, na kivuli chake kilitangulia kutoka.

Eladio alijua kwamba mlango ule ukimmeza mzee, umekwisha. Si leo tu. Mtu aliyeanguka mbele ya Cecilio na kupongezwa na watalii hataimbiwa tena hata na mbwa. Atabaki mcheza fahali wa Almazarín, kila Alhamisi, mkono hewani, hadi kampuni igundue kijiji chenye mteremko mkali zaidi. Alitafuta tusi. Alikuwa na ghala zima la matusi: tumbo la mzee, marehemu mkewe, shamba lake lililokauka. Kila alilolishika lilikuwa limeshaoza, limetungwa zamani, kwa mtu mwingine, siku nyingine. Kitu kibichi pale uani kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kinamvujisha jasho mwilini mwake.

Ni koti, na hilo hasa ndilo ambalo kiburi chake kilikuwa kimekataa kuliona.

"Fermín," alisema. "Piga."

Fermín alimtazama kama daktari amtazamavyo mgonjwa anayetaka kwenda kucheza dansi. Akapiga. Na Eladio aliimba, safari hii bila kishindo, akiuelekea mgongo wa mzee, mkono ameuinua ili kila mtu aone mpasuko na shati jeupe likichungulia:

*Koti langu la thamani*
*kwapani limechanika;*
*jogoo wetu nyumbani*
*akiniona hucheka:*
*bingwa, wanitakiani?*

Kicheko kilianza kwa Angustias, mlio mmoja mwembamba kama birika, kisha kikashika kaunta yote. Mtu wa zeituni alipaliwa upya. Walimcheka Eladio, ndiyo, walimcheka kwa moyo wote. Lakini wakicheka walikuwa wanautazama mgongo wa Cecilio, maana swali lilikuwa limeulizwa na lilikuwa zuri: bingwa wa milima yote ameteremka kupigana na mtu anayezidiwa na jogoo?

Mgongo ulisimama mlangoni.

"Nimekosa!" Joost alilalamika. "Nilikuwa najipiga picha mimi na wali. Kaka, rudia hiyo!"

"Hairudiwi," Eladio alisema. Hakugeuka.

"Kidogo tu, mstari mmoja."

"Imeshakwenda, kaka."

"Hii haikuwa nzuri sana, Eladio," Nuria alinong'ona, akitazama saa. "Watu wanacheka. Ile ya kwanza ilikuwa na uchungu. Haya jamani, tukusanyike! Gari linangoja, na kesho mafunzo ya kulala mchana yanaanza saa tatu asubuhi!"

"Saa tatu asubuhi?" Signe aliuliza.

"Mchana wenyewe kuna ratiba nyingine."

Cecilio alikuwa amegeuka. Alivua kofia na, bila kuangalia, akampa mtu aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Joost. Joost akaipokea kwa mikono miwili kama sakramenti. Mzee alirudi hatua kwa hatua hadi katikati ya ua, akasimama mbele ya Eladio kwa karibu, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, si kolani. Alisukuma meno yake kwa ulimi, kuyaweka sawa.

"Sikukuimbia kwa sababu hukuwa na kitu cha kupigwa," alisema. "Ulikuwa mdomo mtupu. Sasa una jogoo. Fermín!"

*Eladio, nakutaka*
*unizike kaburini;*
*ila leo hujafika,*
*bado uko utotoni:*
*maziwa yanakutoka.*

Kaunta iliguna kwa utamu. Lilikuwa tusi safi, zito, lenye jina la mtu ndani yake, na Eladio alilipokea kifuani. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kumpiga mzee huyo kwa ubeti ambao utampeleka kitandani wiki nzima.

"Koti, Eladio," Nuria alisema pembeni yake. "Samahani, ni la kukodi, gari linaondoka." Akaanza kumvua. Eladio aliachia mkono mmoja, kisha mwingine, bila kuondoa macho kwa Cecilio, kama mtoto anayevuliwa nguo huku akitazama kitu dirishani. Akabaki na shati lililolowa.

Wageni walitoka mmoja mmoja, wakishukuru kwa lugha nne. Joost alilazimika kunyang'anywa kofia. Signe alisita karibu na meza ya shangazi.

"Nani anashinda?" aliuliza.

"Kaa, mwanangu," Angustias alisema, akiusogeza wali kando na kumwekea migas. "Hawajaanza."

"Gari litaniacha."

"Magari yapo mengi."

Msichana alikaa. Honi ililia mara mbili kule barabarani na hakuna aliyeijibu. Fidla ilikuwa katikati ya mzunguko wake. Eladio alikuwa na mstari wa kwanza, akapata wa pili palepale, wa tatu na wa nne ikaja imeshikana mikono. Wa tano hakuwa nao, na safari hii hakukuwa na ubeti wa mwezi wa nne wa kuukopea.

Fidla ilikuwa inarudi. Alifungua mdomo.