Kaptula Alishinda kwa Miguu Yake

Kosa la mzee Kiema, kama wazee wa kanisa pale Matiliku walivyolieleza, lilikuwa kushinda mno. Angekuwa anapoteza kama wacheza kamari wengine, wangemwombea wakamwacha. Lakini mwaka ule wa 1976 farasi aliowachagua walikuwa wakishinda Nairobi karibu kila wiki, na mtu ambaye hajakanyaga uwanja wa mbio miaka saba anajuaje nani atatangulia? Wakakata shauri kwamba ana majini. Tena aliyempelekea dau mjini alikuwa Faki, dereva wa lori ambaye kwao ni Pwani, na kwa watu wa sokoni huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kabisa.

Mbinya, binti yake, alicheka aliposikia. Kicheko kilimkauka barua ya wazee wa kanisa ilipokuja. Ama baba yake asimame mbele ya kanisa Jumapili atubu, ama harusi ya Mbinya na Kisilu, iliyopangwa Jumamosi inayofuata, isifungwe kanisani. Na mama yake Kisilu alikuwa ameshaapa kwamba kwake haingii mke ambaye hakufungishwa ndoa na mchungaji.

Majini, jamani! Kiema alikuwa saisi kule Ngong miaka kumi na tisa, akiwalisha farasi wa wazungu na kuwasugua migongo. Aliwajua mama zao na bibi zao, nani mwoga, nani mvivu, nani alikuwa na goti bovu likafichwa kwa bendeji. Kusoma hakujua. Kwa hiyo kila Ijumaa gazeti lilipofika, Mbinya ndiye aliyemsomea: jina la farasi, uzito atakaobeba, nani atampanda, na mara ya mwisho alimaliza wa ngapi. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha Faki aliulizwa kama mvua imenyesha Nairobi.

Ndivyo walivyompata Kaptula, farasi ambaye gazeti lilimpa mstari mmoja tu, tena wa dharau. Kila mtu alikuwa akimtaja farasi mwingine, Bwana Mkubwa.

"Huyo Bwana Mkubwa ana kwato laini kama mama yake," Kiema alisema. "Akiona tope anarudi nyuma, na mvua imenyesha. Kaptula wamempunguzia uzito, na hiyo mbio ni ndefu. Weka Kaptula."

Kaptula akashinda, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Tata, sema tu," Mbinya alimsihi baba yake siku moja kabla ya ibada. "Ni maneno. Utakaa benchi ya nyuma miezi mitatu, basi, imeisha."

"Kucheza nilicheza, hiyo nitasema. Lakini wanataka niseme shetani ndiye alinionyesha. Huyo shetani ameosha farasi gani?" Akamtazama binti yake. "Usijali. Nitasema. Harusi ni yako."

Mbinya alifurahi, na furaha ile ilimtia haya yeye mwenyewe.

Katika kanisa lile mwenye kutubu hakuwa na maneno yake mwenyewe. Mzee wa kanisa alitamka, naye akafuata neno kwa neno, watu wote wakisikia. Jumapili hiyo mzee Nzioka alivaa miwani, akafunua karatasi, akaanza.

"Mimi, Kiema."

"Mimi, Kiema."

"Nilicheza kamari."

"Nilicheza kamari."

"Sikuwa na maarifa yoyote, bali nilifuata sauti ya shetani."

Mbinya alimtazama baba yake. Mtu aliyewahi kumbishia usoni mzungu mwenye farasi, kuhusu mguu uliovimba, sasa alikuwa ameinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

"Sikuwa," Kiema alianza. "Sikuwa na maarifa..."

"Tata, nyamaza!"

Kanisa zima liligeuka. Mbinya alikuwa amesimama, na hasira ilikuwa imemjaa hadi machoni.

"Wewe msichana, kaa chini," Nzioka alisema.

"Sikai. Mnamfundisha uongo ndani ya nyumba ya Mungu! Sauti alifuata ni yangu. Mimi ndiye nilimsomea gazeti, yeye akatumia kichwa yake. Kama kuna shetani ni mimi, na ni nyinyi mlinibatiza. Hakuna jini hapa. Kaptula alishinda kwa miguu yake."

"Basi harusi hakuna," Nzioka akasema, akakunja karatasi.

Mbinya akamshika baba yake mkono, wakatoka. Hakumtazama Kisilu kwenye kwaya.

Nje, Kiema aliketi juu ya jiwe akashika kichwa. "Umejiharibia, mwanangu. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unasema uongo kwa ajili yangu, na nilikuwa nimekuacha useme."

"Na Kisilu?"

"Atatoka."

"Utajuaje? Mama yake yuko ndani."

"Tata, nimemwangalia miaka mitatu. Mwalimu mkuu alipotaka kumfukuza yule mtoto wa Kaluki bure, walimu wenzake wote walinyamaza, yeye akasema. Mto ulipofurika siku ya kuleta mbuzi za ntheo, za kuniposa, wajomba wake walirudi, yeye akazunguka hadi darajani na mbuzi zake. Mzito wa kuanza, lakini harudi nyuma."

Kwaya ilikuwa inaimba. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, mlango umefungwa. Kiema akamtazama binti yake kwa huruma. Mbinya hakuondoa macho pale mlangoni.

Katikati ya ubeti wa nne Kisilu akatoka, joho la kwaya bado mwilini, uso umelowa jasho.

"Wamesema nikitoka nisirudi," alisema.

"Na umetoka," Mbinya akamwambia.

"Nimetoka. Mama analia." Akamgeukia Kiema. "Mzee, Jumamosi mtatupokea kwenu tufunge harusi?"

Kiema aliinuka kutoka kwenye jiwe, akavua kofia, akawatangulia njia ya nyumbani.