Picha Kavu

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Ya Cuthbert ilirefushwa na mvua. Mwaka ule barabara ya Dar es Salaam ilikatika tangu mwishoni mwa Januari, magari yakalala Rufiji wiki kwa wiki, na kila mteja aliyefika studio yake pale sokoni Newala kuulizia picha za rangi, ambazo husafishiwa Dar, alipewa jibu moja: "Filamu iko njiani." Lilikuwa jibu la kweli kwa wote, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Mama Erasto wa Makote. Alikuja kila Alhamisi kwa miguu, viatu mkononi visije vikaharibiwa na tope. Hakuwa mgomvi, na hilo ndilo lililomtesa Cuthbert, maana mgomvi utamjibu kwa ukali kisha ukapumua. Yeye aliketi kwenye benchi la wateja, akajifuta miguu kwa upindo wa khanga, akauliza swali lile lile.

"Kwani baba, sikufumba macho?"

"Hukufumba, mama. Imetoka vizuri."

Akaenda zake ameridhika.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Januari, kwenye harusi ya Flora huko Makote, Cuthbert alikuwa amebakiwa na picha tisa tu kwenye filamu, na keki haijakatwa. Ndipo akaja Erasto, kijana mkubwa mwenye kelele, amemshika mama yake mkono, wawili hao wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Alikuwa amepata kazi ya kupakia magunia kwa mnunuzi wa korosho, mmoja wa hawa wa binafsi walioanza kuingia na malori yao baada ya biashara kuachiwa huru, na alitaka dunia nzima ijue. "Mpiga picha, mimi na mama!" Cuthbert akafanya wanachofanya wenzake wengi filamu ikiwa haba na wabembelezaji tele. Aliinua kamera, akafumba jicho moja kama anayelenga, kisha akabonyeza kitufe cha flashi peke yake. Mwanga uliwaka paa! Kamera ilinyamaza. Wenyewe wanaita kupiga kavu, na hujiambia hakuna anayeumia: mtu amefurahi, kesho atasahau, keshokutwa yuko shambani.

"Nimefumba macho," alisema Mama Erasto siku ile, amekurupushwa na mwanga. "Rudia, baba."

"Hukufumba, mama. Imetoka vizuri."

Wiki mbili baadaye lori la korosho lilipinduka kwenye mteremko wa kushuka Masasi, Erasto akiwa juu ya magunia; akazikwa Makote. Picha yake nyingine pekee, ya darasa la saba, ilikuwa imeliwa na mchwa siku nyingi.

Mei ikaisha, tope likakauka, na Alhamisi moja basi likapiga honi sokoni. Cuthbert alilisikia akiwa amesimama mlangoni, akatamani lingekuwa limeanguka mtoni na mizigo yake yote, kisha akajionea aibu kwa kutamani hivyo. Ndani, Mama Erasto alikuwa ameshaketi.

"Jumamosi tunaweka msalaba," alisema. "Seremala amemaliza fremu ya picha yake. Na kioo kimeshakatwa."

Swalehe, kondakta wa basi, aliingia ameinua bahasha ya kaki kama mshindi wa kombe. "Shikamoo, mama. Kaka, mzigo wako huo! Wa Dar wanakusalimu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Erasto, akasogea mezani. "Fungua, baba."

Cuthbert alifungua. Alizipanga picha mezani moja moja, polepole. Flora akishuka ngazi za kanisa. Flora na bwana harusi. Mashangazi waliovaa sare. Mama Erasto aliitazama kila picha hadi pembeni, hadi nyuma ya migongo ya watu, pengine mwanawe alikatiza hapo. Ishirini. Thelathini. Keki ikaja, ikakatwa, ikalishwa. Picha ya thelathini na sita ilikuwa ya bibi harusi akilia. Mama Erasto akaichukua bahasha, akaikung'uta, akaingiza mkono ndani hadi kiwikoni.

"Itakuwa imeungua, mama," Cuthbert alisikia mdomo wake ukisema. "Hawa wa Dar mara nyingine wanaziunguza."

"Iliyoungua wanaitupa?"

"Hapana... inabaki kwao."

Mama Erasto akamgeukia kondakta. "Mnarudi lini?"

"Kesho alfajiri, mama."

"Niwekee nafasi. Nina mbuzi, jioni hii namuuza. Msalaba utangoja."

"Mama, tumekuja siku tatu njiani," Swalehe alisema. "Kule Rufiji abiria wanashuka wanasukuma gari."

"Nitasukuma. Nitawaomba hiyo hiyo iliyoungua. Hata likiwa limebaki sikio lake tu, nitalitambua."

Cuthbert alishika ukingo wa meza. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mama Erasto angekwenda, wenye duka la kusafishia picha wangemwambia hawajui lolote, na lawama ingebaki Dar, mbali kabisa na Newala. Wepesi wa jambo lile ulimtisha kuliko yote. Alimwona mama yule amesimama mbele ya kaunta ya watu, viatu mkononi, akiulizia sikio.

"Usiende, mama."

"Kwa nini nisiende?"

"Haikuungua. Haikupigwa."

Mama Erasto hakuelewa, na ilimbidi Cuthbert amwonyeshe. Aliichukua kamera, akamwelekezea, akabonyeza kitufe cha flashi. Mwanga ulijaa chumbani, ukaondoka, kimya. Kisha akabonyeza cha kamera yenyewe. Kacha!

"Picha lazima ilie hivi," alisema. "Siku ile niliwasha taa tu. Niliwadanganya, wewe na Erasto."

Swalehe alitazama sakafu, akatoka bila kuaga.

"Miezi minne," alisema Mama Erasto taratibu, "nakuuliza habari za macho yangu."

Cuthbert alingoja matusi. Aliyataka, aliyahitaji, angeyapokea kwa mikono miwili. Hayakuja. Mama Erasto aliketi tena, akavaa viatu, akajipangusa uso kwa khanga.

"Filamu unayo?"

"Ya nyeusi na nyeupe, ya pasipoti. Naisafisha mwenyewe hapa. Kesho jioni inakuwa tayari."

"Weka. Nikiona."

Akaiweka mbele yake, akachomeka ncha ya filamu kwenye meno ya kamera, akafunga mfuniko, akazungusha. Mama Erasto aliifuata mikono yake kwa macho, jinsi watu wanavyowatazama wapima mizani wa korosho. Aliporidhika alijisogeza hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi tupu kando yake.

"Hapo pa Erasto," alisema. "Nafasi hiyo usiikate. Asiyemjua atanitazama mimi, atamwona."

Cuthbert aliinua kamera. Kwenye kidirisha chake alimwona mama, na pembeni yake benchi lenye upana wa kijana mkubwa. Akabonyeza. Mwanga, na kacha.

"Je, baba? Sikufumba?"

Alikuwa amefumba. Cuthbert aliona kope zote mbili zikishuka. Na lile jibu la miezi minne lilikuwa tayari ulimini, laini, limezoea njia.

"Umefumba, mama."

Mama Erasto akainyoosha khanga yake.

"Basi rudia," alisema, akasogea kidogo tena, kumpisha mwanawe.